Tuliomfuata Koleo kwa Nyuma

Machi 6

Mvua imeanza bila kupiga hodi. Jana tulikuwa tunakula vumbi, leo uwanja wa kiwanda ni dimbwi na watu wazima wanarukaruka kama mbuzi. Wengine hufikiria mashamba mvua ikinyesha. Mimi nafikiria makoti ya mabomba yangu. Koti ndivyo tunavyoliita lile vazi la sufi na bati linalolinda joto la bomba lisipotee. Bati likitoboka kidogo tu, maji huingia ndani na kutulia kimya, na chuma kinaoza mahali pasipofika jicho. Bomba kuu la mvuke la kiwanda chetu cha mafuta ya kula limezeeka hivyo. Mimi nimechora jipya. Kaka yangu ndiye atakayelifunga mwezi ujao, kiwanda kikisimama kwa matengenezo.

Kaka ni fundi mkuu wa mabomba. Kiwanda kizima kinamwita Koleo kwa sababu akishika kitu haachii. Alinilea tangu wazazi wetu walipofariki, na mpaka leo naishi kwenye vyumba vya uani nyumbani kwake. Wifi yangu husema yeye aliolewa na mume mmoja akapewa na mtoto mkubwa kama nyongeza.

Asubuhi wakati wa chai kaka alitusimulia kisa cha kofia ya Meneja iliyotumbukia kwenye tangi. Nikacheka. Tulipokuwa tunavaa viatu akakisimulia tena, neno kwa neno. Nikacheka tena, maana mkubwa ni mkubwa.

Machi 9

Mvua. Mwavuli wangu umekata roho.

Machi 14

Tumekagua bomba kuu, mimi na kaka, tangu kwenye boila hadi kwenye matangi. Kila tulipofungua koti, kutu ilibanduka kama maganda ya kitunguu. Kaka aligonga chuma kwa nyundo ndogo akitega sikio, mimi nikapima kwa kifaa changu, na mara nyingi tulikubaliana. Alinikumbusha lile somo lake la zamani: bomba halilazimishwi. Likija fupi, likate upya. Ukilivuta kwa mnyororo ili likutane na mwenzake, litakutana, lakini litakaa na kinyongo, na siku ukilegeza bolti litakulipa.

Kisha tulifika kwenye njia panda nyuma ya boila, mahali mabomba matatu yanapoagana. Kaka akasimama. Akaangalia juu, akaangalia chini, akaniuliza hili la kati linakwenda wapi. Nilidhani ananitahini, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mwanafunzi wa likizo. Nikamjibu kwa madaha: linakwenda tangi la chini. Akasema nimefaulu, akacheka.

Ni jioni tu, nikiwa nafua, ndipo nilipokumbuka kuwa lile la kati alilifunga yeye mwenyewe. Nilimaliza kufua nikijiambia kwamba alikuwa anatania.

Machi 20

Leo kiwanda kimechelewa kuwaka kwa sababu ya kaka. Kwetu kila fundi ana kufuli lake. Kabla hujafungua bomba, unafunga koki inayolilisha, unaizungushia mnyororo na kutia kufuli lako, na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Kufuli la mtu haliguswi na mwingine, hata Meneja. Kufuli hilo ni uhai wako unaouning'iniza pale. Basi kaka alimaliza kazi jana, akaja nyumbani, kufuli likabaki kwenye koki ya mvuke. Asubuhi zamu nzima ilikaa ikimsubiri. Mpole, fundi wake msaidizi, alisema mzee sasa ameamua kukifunga kiwanda kabisa. Watu wakacheka, na kaka akacheka kuliko wote.

Wifi nilipomsimulia hakucheka. Alisema tu, "Amechoka, wifi yangu," na akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Machi 23

Mvua mchana kutwa. Nimechora kona ya bomba mara mbili na kuifuta mara mbili.

Machi 28

Sijui niandikeje hili. Nianze na nilichokiona.

Kaka alifunga koki moja kando ya pampu, akatia kufuli, akaenda zake akipiga mluzi. Hakuwa amegeuka kona vizuri, Cheche akatokea. Cheche ni mchomeleaji wetu, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali, na jina hilo amelipata kwa kazi na kwa ulimi. Akaitazama koki aliyoifunga kaka, akaenda kwenye koki ya jirani yake, akaifunga hiyo na kutia kufuli lake mwenyewe. Hiyo ya jirani ndiyo iliyotakiwa kufungwa. Kaka alikuwa amefunga isiyohusika.

Nikamvuta pembeni. Alinitazama kwa muda kama anayepima uzito wangu, kisha akanieleza yote. Tangu mvua za mwaka jana kaka anakosea. Si kila siku, ila anakosea. Basi wao wamejipangia: kila akifunga, mmoja wao anapita nyuma yake kuhakikisha. Leo Cheche, kesho Mpole. Hakuna aliyewahi kumwambia, wala hawajawahi kukaa kikao. Walianza tu, kama watu wanavyomshika mkono mgonjwa kwenye ngazi.

Nilimwambia huo ni wazimu, kwamba kufuli si jambo la kukisia nani kapita nyuma ya nani, kwamba lazima niende kwa Meneja.

"Nenda," Cheche akasema. "Mimi nilipokuja hapa walinituma chai. Koleo ndiye aliyenipa fimbo ya kuchomelea, akasimama nyuma yangu mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Sasa ni zamu yangu kusimama nyuma yake. Wewe amekulea, Injinia. Nenda ukamsemee."

Sikwenda. Mchana nilipomwona kaka anaelekea kwenye koki nyingine, nilijikuta nimeshika kufuli langu na kumfuata.

Aprili 2

Nimemkabili wifi. Nilitarajia abishe. Badala yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia bila sauti. Daktari alikwisha kumwambia: akili ya kaka inasahau, na itazidi kusahau. Kaka mwenyewe aliambiwa, akatoka pale akiwa amekwisha sahau.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwa sababu mimi ni mtu wa kiwandani, na ningelazimika kufanya la kiwandani. "Ukimtoa kule utakuwa umemzika mzima mzima," akasema. "Mwache amalize hili bomba lako. Likiisha, nitamwambia mimi apumzike."

Nikaona ni jambo la busara. Wiki chache tu, na sote tuko nyuma yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunaisema methali hii kila siku kwa ajili ya watu wengine.

Aprili 5

Mvua. Kaka ameniita kwa jina la marehemu mama, akajirekebisha.

Aprili 8

Kiwanda kimesimama. Boila kubwa limezimwa, na boila dogo tu limeachwa likiwaka ili mafuta yasigande kwenye matangi. Kaka yuko kama kijana. Anapanda, anashuka, anatukana mvua, anawachagulia watu spana. Nimefurahi kumwona hivyo, na nimeogopa kwa sababu nimefurahi.

Aprili 11

Nguo bado zina matope. Naandika hivyo hivyo.

Kazi ya leo ilikuwa kukata kipande cha bomba kuu nyuma ya boila, pale penye njia panda. Bomba la boila dogo linaungana nalo hapo hapo, limejaa mvuke. Kaka alitangulia kufunga. Mimi niliitwa na Meneja ofisini kwake kuhusu bati la makoti, nikaondoka nikijua Mpole yupo. Mpole alikuwa upande wa matangi anapambana na maji yaliyofurika, akijua mimi nipo. Cheche aliona kufuli la kaka likining'inia na kuniona mimi nilivyokuwa nimesimama pale karibu kabla ya kuitwa, akajua nimekwisha pita nyuma. Kila mmoja wetu alikuwa na uhakika. Hakuna aliyepita.

Kaka alikuwa amefunga bomba ambalo tayari lilikuwa limekufa, lile la boila kubwa lililozimwa. Lenye mvuke lilibaki wazi.

Cheche alianza kulegeza flanji, zile sahani mbili za chuma zinazounganisha bomba kwa bomba. Alianza na bolti za upande wa mbali, kama kaka alivyomfundisha, ili kama kuna kitu ndani kitoke upande wa pili, si usoni. Hilo ndilo lililomwokoa macho. Mvuke ulitoka upande ule, lakini ulipogonga ukuta ulirudi. Nilisikia mlio nikiwa ofisini. Meneja alidhani ni radi.

Nilipofika, Cheche alikuwa chini kwenye matope, mkono wake wa kulia na shingo vimekuwa rangi ambayo sitaki kuiandika. Hapakuwa na anayeona kitu kwa lile wingu la mvuke. Ndipo kaka akapita mbele yangu, akaingia ndani yake, akaipata koki inayotakiwa bila kuiona, akaizungusha mpaka ikafunga. Mikono yake ilijua. Mvuke ukakatika, na tukabaki na sauti ya mvua na ya Cheche.

Kaka akageuka. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka. Alikuwa na hasira ya haki, hasira ya fundi mkuu.

"Nani aliyeacha hii wazi?" akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja. Mpole aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia ule mnyororo uliofungwa kwenye koki isiyohusika.

Aprili 12

Hospitali. Cheche amelala ubavu, hawezi kugeuza shingo. Ataishi, wamesema, ila mkono hautakuwa kama zamani. Aliponiona alisema kitu kimoja tu: nisimwambie Koleo. Mpole alikuwa kwenye benchi nje. Alirudia rudia kwamba alidhani ni mimi. Nikamwambia mimi nilidhani ni yeye.

Tulimpenda kaka vibaya. Kama tungempenda kidogo kuliko hivyo, mmoja wetu angesema mapema.

Aprili 13

Nimekwenda kwa Meneja na kumweleza kila kitu: ugonjwa wa kaka, makufuli yetu, wifi, mimi. Alitaka kuandika kwamba ni uzembe wa fundi mkuu. Nikamwambia kama ni uzembe basi aandike majina yote, la kwangu juu kabisa, kwa sababu mgonjwa ni mmoja na wazima tulikuwa wengi. Yeye si mtu mbaya, ni mtu aliyeamka na tatizo. Mwisho akasema kaka apumzishwe kuanzia leo, na mimi nitapata barua yangu ya onyo. Akauliza nani atamwambia. Nikasema mimi.

Aprili 14

Nimemwambia. Alikuwa sebuleni, mikono imefungwa bandeji, wifi anamlisha uji. Nilipiga magoti kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mtoto nimekosa, ingawa leo mkosaji hakujulikana ni nani. Nilimweleza polepole: kumbukumbu yake, koki, Cheche, kwamba nimekwenda kwa Meneja na hatarudi tena kazini.

"Mimi?" akauliza. "Mimi ndiye niliyemuunguza Cheche?"

Nikasema ndiyo. Sijawahi kumwona kaka akilia, hata tulipowazika wazazi. Leo alilia mpaka wifi akaniomba niondoke.

Aprili 15

Asubuhi nimemkuta mlangoni na ovaroli, anahangaika kuvaa viatu kwa viganja vilivyofungwa. Aliniuliza nimechelewa wapi, tunaenda kazini au hatuendi. Kisha akaitazama mikono yake, akauliza kapatwa na nini.

Nikamwambia. Akauliza, "Mimi ndiye niliyemuunguza Cheche?" kwa sauti ile ile. Akalia tena, kilio kile kile, kipya kabisa.

Aprili 16

Nimemwambia.

Aprili 17

Nimemwambia tena. Mvua kubwa.

Aprili 19

Wifi amenishika mkono nilipokuwa naingia. Alisema kila asubuhi namchinja mumewe na kila jioni yeye anamfufua, na hana nguvu tena. Anataka nimwambie kaka kwamba kiwanda kimesimama kwa sababu ya mvua, kazi itaanza mvua zikiisha. Nikamwambia siwezi kumdanganya kaka. Akanijibu kwamba kwa mwaka mzima tulimdanganya kwa makufuli na hatukuona haya.

Nikaingia, na kaka alipouliza, nikasema mvua. Akachungulia dirishani, akaguna. "Hata mimi nisingefungua koti kwenye mvua hii," akasema. Akamaliza uji wake wote.

Aprili 24

Anauliza, nasema mvua. Anaridhika. Ananipa maagizo nisiruhusu mtu afunge koti juu ya chuma chenye maji. Naitikia. Najichukia kidogo kidogo, kwa awamu.

Aprili 30

Bomba jipya limepata mvuke wa kwanza leo. Mpole ndiye aliyelifunga, polepole na kwa woga. Chuma kikipata moto hurefuka, na nilichora kona pana ili lipate pa kujinyoosha. Nikaiona ile kona ikifunguka taratibu kama mtu anayenyoosha goti baada ya safari ndefu. Hakuna palipovuja. Watu walipiga makofi. Mimi niligeuka nyuma kumwonyesha kaka, na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Mei 7

Cheche ametoka hospitali na amekuja nyumbani. Nilijaribu kumzuia, lakini nani amezuia cheche. Aliketi mbele ya kaka, mkono umefungwa hadi begani. Kaka akamsalimia kwa shangwe, kisha akauona mkono. Akauliza kilichomuunguza.

"Mvuke."

"Fundi wako alikuwa nani?"

"Fundi mzuri," Cheche akasema. "Alikuwa anaumwa, na sisi tulijua."

Kaka akatikisa kichwa. Akasema mgonjwa hapelekwi kwenye mvuke, hao waliojua ndio wa kulaumiwa. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Nikaenda kuliweka jikoni na sikurudi haraka.

Mei 16

Manyunyu asubuhi, jua mchana. Wifi analitazama jua kama mdeni anavyomtazama mdai wake.

Mei 21

Hapakuwa na mvua. Nikamwambia itanyesha.

Mei 26

Anga limekucha jeupe, ardhi imekauka mpaka vumbi limerudi. Wifi alikwenda sokoni mapema. Nilipotoka uani nilimkuta kaka amesimama mlangoni, ovaroli imefungwa vifungo vyote, viatu vimepigwa rangi. Viganja vimepona, vimebaki na ngozi ya waridi.

"Mvua imekwisha, Kadogo," akasema, akiniita jina langu la utotoni. "Twende."

Nilikuwa na uongo mwingine tayari. Nilitaka kusema boila limeharibika. Lakini alikuwa amenyoa ndevu, na alikuwa amenyoa vizuri, na nilishindwa. Nikamketisha kwenye kizingiti, nikakaa kando yake, nikamwambia yote tangu mwanzo, pamoja na uongo wa mvua. Nilimwambia ni mimi niliyekwenda kwa Meneja.

Nikasubiri kilio. Hakulia. Alikaa akivitazama viganja vyake, akivigeuza.

"Kwa hiyo ni wewe uliyenitoa."

"Ni mimi, kaka."

"Ulikawia," akasema.

Akaniwekea mkono kichwani, kama zamani.

"Ulikawia, na Cheche akaungua. Hilo utalibeba. Lakini ningekuwa mimi, na aliyeumwa ni wewe, nisingekwenda kwa Meneja kabisa. Ningekufuata nyuma mpaka kiwanda kilipuke." Akafungua kifungo cha juu cha ovaroli. "Ulifanya nilichokufundisha. Sina neno nawe."

Tulikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikatuacha. Nililia kwa mara ya kwanza tangu siku ya ajali, nikalia kama mtoto, naye akanipigapiga mgongoni na mkono ambao hauna tena ngozi yake ya zamani. Kisha akainuka, akaenda kuvua ovaroli bila kuambiwa.

Nimeandika maneno yake hapa kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza.

Mei 27

Asubuhi kaka alikuwa mlangoni na ovaroli.

Nikamwambia. Safari hii hakulia, wala hakuniwekea mkono. Alisema nimemsaliti. Alisema alinilea ili nije nimchimbie kaburi nikiwa nakula kwake, nitoke nyumbani mwake. Alipaza sauti hata majirani wakachungulia. Wifi alimshika akamrudisha ndani, na mimi nikabaki uani nimesimama karibu na kamba ya nguo, sina pa kwenda kwa sababu pangu ni hapa.

Mchana alitoka, akanikuta pale pale, akaniuliza kwa upole mbona sijaenda kazini na kama nimekula. Hasira nayo ilikuwa imekwenda.

Wifi alikuja kukaa nami jioni. Akaniambia nisiyaweke moyoni yale ya asubuhi. Nikamwambia si hayo yanayoniliza. Nikamwambia kwamba jana, yeye akiwa sokoni, kaka alinisamehe. Alielewa kila kitu, mwanzo hadi mwisho, na akanisamehe. Wifi alinitazama kama mtu anayetaka sana kuamini jambo. Hakukuwa na mwingine aliyesikia, na aliyesema hakumbuki.

"Basi kesho mwambie tena," akasema. "Huenda ikawa siku yake nzuri."